4294967297: kikokotoo kinaandika 641×(6700417). Mabano ni ya nini, na kwa nini C na Python hazikubaliani?

Baki_Sifuri

Wakuu habari. Namba ni 4294967297, yaani 2^32 + 1. Kuna mambo matatu hayajakaa sawa.

Kwenye Casio fx-991ES PLUS, nikiandika namba hiyo, nikabonyeza = halafu SHIFT na FACT, inatoka 641×(6700417). Mabano hayo ni ya nini? 6700417 ni tasa, au mashine imeishia njiani?

La pili ni kompyuta. Programu ya C inayogawanya kwa 2, 3, 4, 5 na kuendelea inaisha papo hapo na kuandika 1. Nikihamia uint64_t (aina ya namba ya biti 64) kugawanya kunakwenda vizuri, lakini jaribio la Fermat kwa msingi 2 (namba ikiwa n, unatafuta baki ya 2^(n−1) ukiigawanya kwa n) linatoa baki 0. Python, kwa jaribio lile lile, inatoa baki 1. Baki 1 si ndiyo dalili ya namba tasa? Na namba yenyewe tayari tunajua inagawanyika kwa 641.

La tatu: Euler alifikaje 641 kwa mkono? Na sifa nyingine za namba hii ni zipi: vigawo vingapi, jumla yake, majirani zake?

---

KKS_na_KDS

Naanza na mabano. FACT kwenye kikokotoo hicho hutafuta vigawo tasa visivyozidi tarakimu tatu tu. Namba tasa ya mwisho yenye tarakimu tatu ni 997, inayofuata ni 1009. Mashine ikishamaliza zote hizo, kinachobaki kikiwa chini ya 1009 × 1009 = 1018081, lazima kiwe tasa, kwa hiyo inakiandika wazi bila wasiwasi. Kikiwa kikubwa zaidi ya hapo haiwezi kujua, inakifunga kwenye mabano. Kwa hiyo mabano hayasemi kwamba 6700417 ni tasa wala kwamba si tasa. Yanasema tu kwamba kazi iliyobaki ni yako.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kipeuo cha pili cha 6700417 ni 2588 na kitu, hivyo unahitaji kujaribu namba tasa hadi 2588. Ziko 376, na kwa kikokotoo ni jioni nzima ya kubonyeza. Lakini ukijua kwamba kila kigawo tasa cha 2^32 + 1 lazima kiwe na umbo 128k + 1 (atakayejibu swali la Euler ataeleza kwa nini), zinabaki tano tu: 257, 641, 769, 1153 na 1409. Namba nyingine za umbo hilo chini ya 2588 zote zinagawanyika: 897 ni 3 × 13 × 23, 1537 ni 29 × 53, 1793 ni 11 × 163, 2561 ni 13 × 197, na kadhalika.

Gawanya 6700417 kwa kila moja:

257, baki 170
641, baki 44
769, baki 120
1153, baki 334
1409, baki 622

Hakuna sifuri, basi 6700417 ni tasa na mabano unaweza kuyafuta. Usiiruke 641 kwa kuwa imeshatumika. Namba tasa inaweza kuingia mara mbili, na baki 44 ndiyo inayokuhakikishia kwamba hapa haikuingia.

---

pwani_ya_nambari

La Euler nalichukua mimi.

Fermat mwaka 1640 aliamini kwamba nambari zote za umbo 2^(2^n) + 1 ni tasa. Tano za kwanza ni tasa kweli: 3, 5, 17, 257, 65537. Ya sita ndiyo hii yako. Desemba 1729 Goldbach alimwandikia Euler akimuuliza habari hiyo, na mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba 641 inaigawanya.

Ukienda kichwa kichwa, kipeuo cha pili cha 4294967297 ni 65536 na chembe, na nambari tasa chini ya hapo ni 6542. Hakuna haja ya kupitia zote. Mwendo ni huu.

Tuseme p ni kigawo tasa cha 2^32 + 1. Basi 2^32 ukiigawanya kwa p inaacha baki p − 1, ambayo ni sawa na kusema −1. Izidishe yenyewe: 2^64 inaacha baki 1. Vipeo vya 2 kwa hiyo vinazunguka na kurudi kwenye 1 kila baada ya hatua kadhaa, na idadi ya hatua hizo lazima igawanye 64 lakini isigawanye 32, maana kwenye 32 tuko kwenye −1 badala ya 1. Nambari ya namna hiyo ni 64 yenyewe tu. Kanuni ndogo ya Fermat nayo inasema 2^(p−1) inaacha baki 1. Basi 64 inaigawanya p − 1, yaani p = 64k + 1.

Orodhesha: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Majaribio matano badala ya maelfu.

Na kila jaribio usigawanye nambari ya tarakimu kumi. Anza na 2^16 = 65536, tafuta baki yake, izidishe yenyewe, tafuta baki tena, ongeza 1:

193: 65536 inaacha 109; 109² = 11881 inaacha 108; jumlisha 1, jibu 109.
257: 65536 inaacha 1, 1² ni 1, jibu 2.
449: 65536 inaacha 431, yaani −18; 18² = 324; jibu 325.
577: 65536 inaacha 335; 335² = 112225 inaacha 287; jibu 288.
641: 65536 inaacha 154; 154² = 23716 inaacha 640; jumlisha 1, ni 641, yaani sifuri.

Hapo kwa 449 angalia nilivyotumia −18 badala ya 431. Baki ikizidi nusu ya kigawanyi, toa kigawanyi. Miraba inakuwa midogo na makosa yanapungua.

Umbo la 128k + 1 alilotaja aliyenitangulia lilikuja baadaye, ni la Lucas, 1878. Sababu: p = 64k + 1 ina maana p inaacha baki 1 ukiigawanya kwa 8, na kwa namba tasa za aina hiyo 2 huwa na kipeuo cha pili, yaani ipo x ambayo x² inaacha baki 2. Mzunguko wa x basi ni maradufu ya ule wa 2, hatua 128. Kwa umbo hilo 641 ni jaribio la pili tu baada ya 257. Na 257 yenyewe huna haja ya kuijaribu: nambari mbili tofauti za Fermat hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1.

Kuna pia hakikisho la mistari miwili, ukishaijua 641. Ona kwamba 641 = 5 × 128 + 1 na pia 641 = 625 + 16 = 5^4 + 2^4. Ya kwanza inasema 5 × 2^7 inaacha −1, kwa hiyo kipeo chake cha nne, 5^4 × 2^28, kinaacha 1. Ya pili inasema 5^4 ni sawa na −2^4. Weka ndani: −2^32 inaacha 1. Imekwisha. Ni zuri mno, ila halikusaidii kuigundua 641; linakusaidia kumwonyesha mwingine ubaoni.

---

biti_ya_33

Sasa kompyuta. Hakuna inayodanganya, ila makosa yako mawili na ni tofauti kabisa.

Kwanza ile inayoandika 1. 4294967297 kwa mfumo wa jozi ni 1, halafu sifuri 31, halafu 1: biti 33. Aina ya biti 32 hubeba biti 32 za chini tu, na hizo ni sifuri 31 na 1 mwisho. Programu yako haikuwahi kuiona 4294967297. Ilipewa 1, ikaichambua 1 na kumaliza. Washa maonyo ya kompaila (-Wall kwa gcc) na usome yanachosema kuhusu namba kubwa kuliko aina yake.

Ukihamisha n (namba unayoichambua) kwenye uint64_t, hamisha pia i (kigawanyi unachojaribu). Watu husahau. Ukiacha i iwe uint32_t na sharti liwe i*i <= n, namba hii itapita salama kwa sababu 641 inapatikana mapema na n inashuka hadi 6700417. Jaribu 4294967311, namba tasa ya kwanza baada ya 2^32: i ikifika 65536, i*i inafurika na kuwa 0, sharti halivunjiki kamwe, i inazunguka hadi kurudi 0, na programu inaanguka kwa kugawanya kwa sifuri.

Pili, baki 0 dhidi ya baki 1. Python ndiyo iliyo sahihi: pow(2, n-1, n) ni 1. Tazama C inavyopotea. Unazidisha baki yenyewe: 2, 4, 16, 256, 65536, kisha 65536² = 4294967296, ambayo ni n − 1. Bado iko ndani. Hatua inayofuata ni (n − 1)² = 2^64. Namba kubwa kabisa inayokaa kwenye uint64_t ni 2^64 − 1. Umezidi kwa moja tu! Inafurika, inakuwa 0, na kuanzia hapo 0 haitoki. Programu ikasema "si tasa", jibu sahihi kwa njia mbovu. Ajabu ni kwamba baki zote nyingine za namba hii miraba yake inaingia vizuri kwenye biti 64. Ni n − 1 peke yake inayofurika, na msingi 2 unapita hapo hapo. Dawa: tumia unsigned __int128 (aina ya biti 128) kwa kuzidisha.

Sasa kwa nini baki sahihi ni 1 wakati namba si tasa? Kwa sababu jaribio la Fermat ni la upande mmoja. Baki tofauti na 1 inathibitisha kwamba namba si tasa. Baki 1 haithibitishi kitu. Na kwa namba za Fermat msingi 2 hauna maana kabisa: 2^64 inaacha 1, na n − 1 = 2^32 inagawanyika kwa 64, basi baki lazima iwe 1. Usikimbilie Miller–Rabin (jaribio la Fermat lililokazwa) kwa msingi 2 pia. n − 1 ni 2^32 × 1, kwa hiyo unaanza na 2 na kuikuza hadi mraba mara kwa mara; ukifika mara ya tano unakutana na n − 1, na jaribio linasema "imepita".

Badili msingi uwe 3:

pow(3, n-1, n) → 3029026160

Si 1, basi si tasa, mjadala umefungwa. Kwa namba za Fermat kuna jaribio kali zaidi, la Pépin, la mwaka 1877: piga 3^((n−1)/2), namba ni tasa ikiwa, na ikiwa tu, jibu ni n − 1. Hapa linatoka 10324303. Ukitaka kuhakiki programu yako, 10324303² ni 106591232435809, toa 24817 × 4294967297, inabaki 3029026160 ile ile.

Mtego mmoja wa mwisho kwa wanaotumia njia ya p − 1 ya Pollard, inayopata kigawo p pale p − 1 inapokuwa na vigawo vidogo tu. 640 = 2^7 × 5, vigawo vidogo sana, kwa hiyo njia hiyo inaipata 641 haraka: KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya 3^640 − 1 na n ni 641. Lakini ukianza na msingi 2, ambao ndio chaguo la kawaida kwenye programu nyingi, 640 inagawanyika kwa 64, 2^640 inaacha 1 kwa n nzima, na KKS inakupa n yenyewe. Si hitilafu ya programu. Badili msingi.

---

Baki_Sifuri

Nimebadili kwa __int128, sasa C na Python zinakubaliana. Asanteni sana wakuu.

Nimekutana pia na hii: 62264² + 20449² nayo ni 4294967297, mbali na 65536² + 1². Je, hilo nalo linaweza kutumika kupata vigawo?

---

Mraba_kwa_Mraba

Linaweza, na hiyo nayo ni njia ya Euler. Namba witiri ikiandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti, si tasa, na vigawo vinatoka bila kugawanya kwa kubahatisha.

Panga shufwa na shufwa, witiri na witiri:

Shufwa 65536 na 62264: tofauti 3272, jumla 127800.
Witiri 20449 na 1: tofauti 20448, jumla 20450.

KKS ya tofauti mbili (3272 na 20448) ni 8. KKS ya jumla mbili (127800 na 20450) ni 50. Chukua nusu za KKS hizo, 4 na 25:

4² + 25² = 16 + 625 = 641

Kisha gawanya tofauti kwa 8: 3272 ÷ 8 = 409 na 20448 ÷ 8 = 2556.

409² + 2556² = 167281 + 6533136 = 6700417

Ukichanganya shufwa na witiri kwenye mstari mmoja, KKS zinatoka ovyo na hesabu haifungi. Hapo ndipo wengi hukwama.

Kinyume chake kinaonyesha mbili hizo zilitoka wapi. 4 × 409 + 25 × 2556 = 65536 na 25 × 409 − 4 × 2556 = 1. Geuza alama: 25 × 2556 − 4 × 409 = 62264 na 25 × 409 + 4 × 2556 = 20449. Vigawo vyote viwili vinaacha baki 1 ukivigawanya kwa 4, kwa hiyo njia ni hizo mbili tu, hakuna ya tatu.

Ila kama njia ya kutafuta, kwa namba hii haifai. Ungetoa mraba wa 3, wa 5, wa 7 na kuendelea hadi 20449 ukiangalia kama kinachobaki ni mraba: majaribio 10224. Tarakimu ya mwisho inasaidia kidogo. Namba inaishia na 7, mraba wa shufwa unaishia na 0, 4 au 6, kwa hiyo mraba wa witiri lazima uishie na 1, yaani witiri yenyewe iishie na 1 au 9. Bado ni maelfu manne na ushee. Majaribio mawili ya 128k + 1 yanashinda kwa mbali.

---

KKS_na_KDS

Sifa zilizobaki, kwa haraka, maana zote zinatoka kwenye 641 × 6700417.

Vigawo vinne: 1, 641, 6700417, 4294967297. Jumla yake ni 642 × 6700418 = 4301668356. Ukiondoa namba yenyewe inabaki 6701059, ndogo mno kuliko namba, kwa hiyo ni namba pungufu. Idadi ya namba zisizo na kigawo cha pamoja nayo, kuanzia 1 hadi kwake, ni 640 × 6700416 = 4288266240. Jumla ya tarakimu ni 59, hivyo kwa 9 inaacha baki 5.

Majirani ndio wenye ladha. 4294967296 ni 2^32, idadi ya anwani zote za intaneti za mfumo wa IPv4. 4294967298 ni 2 × 3 × 715827883, na hiyo ya mwisho ni tasa. 4294967295 ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65537, yaani namba zote tano za Fermat zinazojulikana kuwa tasa zikizidishwa pamoja. Ndiyo idadi kubwa kabisa ya witiri inayojulikana ya pande za umbo sawa linaloweza kuchorwa kwa rula na bikari. Kwa kuwa 4294967297 yenyewe ina vigawo 641 na 6700417, ambavyo si namba za Fermat, umbo lenye pande 4294967297 halichoreki kwa rula na bikari.

---

mgeni_wa_jukwaa

4294967295 ina vigawo 32. Hiyo si lazima iwe namba zidifu?

---

KKS_na_KDS

Hapana, wingi wa vigawo hautoshi. Jumla yake ni 4 × 6 × 18 × 258 × 65538 = 7304603328. Toa namba yenyewe, inabaki 3009636033, bado chini ya 4294967295. Pungufu. Ni 3 na 5 tu zinazochangia kwa uzito. 17 inaongeza kidogo, 257 na 65537 karibu si kitu.

---

mgeni_wa_jukwaa

Sawa. Na inayofuata, 2^64 + 1, njia ya Euler inafika?

---

biti_ya_33

Inafika, kwa kompyuta. Umbo ni 256k + 1, na unakutana na kigawo kwenye k = 1071: 274177. Kingine ni 67280421310721, nacho ni tasa. Mwanahisabati Landry alivichapisha 1880, bila mashine.

Usijaribu kuiweka 2^64 + 1 kwenye uint64_t. Itakuwa 1, kosa lile lile la mwanzo. Huna haja ya kuihifadhi popote. Kwa kila p = 256k + 1 anza na 2, tafuta mraba na baki mara sita, ukipata p − 1 umepata kigawo. Kipeuo cha pili cha namba nzima ni 2^32, kwa hiyo p unazojaribu hazivuki hapo, na mraba wa baki unaingia kwenye biti 64 bila __int128.

p = 257
wakati p < 4294967296:
  r = 2
  rudia mara 6: r = (r × r) % p
  kama r == p − 1: andika p, simama
  p = p + 256

p iwe uint64_t, na r pia. Usihangaike kuchuja p zisizo tasa; kuzichuja kunakula muda kuliko miraba sita.